Aliyeingiza Shikamoo Kwenye Kompyuta

Amefariki yule jamaa yangu wa Miteja aliyekuwa akiwasafirisha watu ndani ya kompyuta. Habari zilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Simu ikaita, nikaona ni mke wake, na mkono ukawa mzito kama nimebebeshwa gunia la korosho mbichi. Kwa miezi mingi jamaa yangu alikuwa akiumwa, na kila simu ya nyumba ile ilikuwa ikinikata pumzi. "Shemeji," akasema mama yule, kwa sauti tulivu kuliko yangu, "rafiki yako kapumzika. Jana kanywa uji wake wote, kauliza kama mbuzi wamefungwa, kajilaza. Alfajiri namwamsha tuswali, haamki. Hakuhangaika, shemeji. Hata shuka hakuivuruga." Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Halafu, wasomaji wangu, kabla ya machozi nilishusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayetua mzigo baada ya kupanda nao mlima. Nilikuwa nimeogopa mwisho wa maumivu na vilio, na Mungu akaleta mwisho wa mtu aliyeshiba uji. Kinyozi akauliza amalizie au aache. Nikamwambia amalizie, maana marehemu alipenda kazi inayofika mwisho.

Tulijuana kwenye masomo ya jioni, Kilwa Masoko, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio. Mimi nilihitimu kwa neema ya Mungu na huruma ya walimu. Cheti changu nimekitundika ukutani juu kabisa, ili mtu asiweze kusoma alama. Yeye hesabu zilikuwa zikimjia kama kuku wanaoitiwa mchele. Akaendelea mbele, akasomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kwao na kazi ambayo hakuna mjomba wala shangazi aliyeweza kuieleza kwa majirani. Alijenga modeli. Fundi cherehani mwangalifu hukata kwanza gazeti, alipime, alikunje, alikosee, kabla hajagusa kitambaa cha mwenyewe. Basi jamaa yangu alifanya hivyo kwa huduma za watu. Ukiwa na dirisha la dawa, ghala la korosho au gari la kusambaza barafu ya samaki, alikaa kwako akaangalia nani anaingia, anasubiri wapi, anahudumiwa kwa muda gani, kisha akakuigizia kazi yako yote ndani ya kompyuta. Watu walikuwa vidoti, meza zilikuwa vijisanduku, na siku nzima ilipita kabla chai haijapoa. Alipenda kusema, "Humu ndani tukikosea, hakuna anayelala njaa." Nilimcheka kwa maneno hayo mpaka siku ya Nangurukuru.

Pale njia panda palikuwa na mama mmoja wa mgahawa, na bado yupo, Mungu amzidishie. Mtu mzima, mjane, mwenye wali wa nazi ambao nimeshuhudia ukimfufua abiria aliyekuwa ametapika tangu Rufiji. Mgahawa ule ulilisha nyumba yake na nyumba za wanawake wote waliokuwa wakipika naye, na wote walitegemea basi moja kubwa la kwenda kusini lililosimama pale mchana. Kila siku ilikuwa vita. Abiria wanashuka, konda anatangaza dakika zake, na kabla nusu ya watu hawajala honi inalia. Utaona mzee wa heshima zake anakimbia na paja la kuku mkononi; utaona bibi anapanda ngazi za basi na sahani ya mama wa watu, sahani inaenda Mtwara. Malalamiko yakafika kwa wenye basi. Msimamizi wao akaja, akamwambia mama kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Mwisho wa mwezi nitapanda mwenyewe nione. Abiria wakishindwa kula tena, tunahamisha kituo." Mama akanisimulia huku anapepeta mchele, na mchele wote ukawa unamwagika nje ya ungo.

Mama aliamua kwamba tatizo ni jiko. Alitaka kuvunja ukuta wa nyuma, ajenge jiko la pili, na fundi alishakuja kupima. Nikampeleka jamaa yangu. "Shikamoo mama," akasema, "usivunje ukuta. Nipe nafasi nikae hapo pembeni na saa yangu." Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Marahaba mwanangu. Unauza saa?" Akaruhusiwa, na akakaa siku kadhaa akitazama jiko, sahani na meza kama mlinzi wa benki. Kisha akafungua kompyuta juu ya gunia la mkaa, sote tukajikusanya. Basi likaja, vidoti vikashuka. Likaja tena na tena, siku nyingine limejaa, siku nyingine nusu tupu, maana alikuwa ameiachia bahati iamue kama inavyoamua barabarani. Modeli ikasema jiko linatosha kabisa. Kinachochelewesha ni kusubiri basi lifike ndipo sahani zipakuliwe. Konda apige simu akipita Somanga, aseme wangapi wanataka samaki na wangapi kuku, na chakula kiwe mezani breki zikilia. Ndani ya kompyuta kila kidoti kilikula, kikashiba na kurudi garini. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akahama.

Kesho yake konda akapiga simu. Chakula kikapakuliwa, meza zikajaa sahani zinazofuka moshi, na basi likasimama. Ndugu zangu, sahani zilikaa pale peke yake kama wageni waliokuja siku isiyo ya harusi! Hakuna mtu mezani. Abiria wote walikuwa wamesimama mlangoni, mikono imenyooshwa mbele, wakisubiri kunawa. Birika lilikuwa moja, na aliyelishika alikuwa mke wa mtoto wa yule mama, binti wa adabu sana. Vijana walifika wa kwanza, lakini nyuma yao alikuwa akija babu mmoja na bakora yake, na foleni yote ikafunguka kama mlango. "Shikamoo babu, pita." "Pita mzee wangu." Nyuma ya babu kuna bibi, nyuma ya bibi kuna hajati na dada yake, na vijana waliokuwa wa kwanza wakajikuta karibu na Miteja. Babu mwenyewe hakuwa na haraka.

"Shikamoo babu," binti akasema, akimimina.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wewe wa hapa hapa?"

"Hapana babu. Nimeolewa hapa, kwetu Kinjumbi."

"Kinjumbi! Kwa akina nani?"

Na hapo maji yakakatika, kwa sababu nani anamjibu mzee habari za ukoo wake huku anamiminamimina? Binti akaliinamisha birika pembeni, akaanza kwa babu yake mzaa baba. Konda akapiga kelele kutoka nyuma, "Babu, nawa twende bwana!" Basi wote wakamgeukia. "We konda, kwenu hakuna wazee?" "Amelelewa na honi huyo!" Honi ikalia, watu wakakimbia, na safari hii zilibaki sahani nyingi kuliko siku zote. Nikamkuta jamaa yangu amesimama katikati ya meza zilizojaa, mdomo wazi. Nikamtania, "Vipi fundi, wale watu wako wa kwenye kompyuta hawana mikono?" Akanijibu polepole, "Hawana mikono. Wala hawana wazazi."

Kumbe kunawa alikuona kwa macho yake siku zote zile akakuhesabu si kitu, kama sisi sote tulivyokuona si kitu. Ni jambo la nyumbani, nani analipima kwa saa? Na foleni aliyoijenga ilikuwa ya aliyewahi ndiye wa kwanza, kama alivyofundishwa darasani. Mimi nilitegemea atanuna. Hakununa hata kidogo, alikuwa kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani. Konda ndiye aliyekuwa na dawa ya haraka. "Mama, bandika tangazo hapo: salamu marufuku mpaka baada ya kula." Mama akamjibu, "Kalibandike juu ya kaburi langu." Mwanawe akapendekeza vijiko kwa wote. Mama alimwonyesha tu ugali na samaki wa kukaanga, akamwacha ajihukumu. Jamaa yangu akasema, "Salamu zitabaki, na wazee watapita mbele. Tatizo ni la modeli yangu, hao watu ni wazima." Akaenda kukaa na kompyuta yake, na aliporudi vidoti vilikuwa vya rangi mbili. Vyeusi vilikuwa vijana. Vyeupe vilikuwa wazee, na kila kidoti cheupe kilipokaribia maji, vyeusi vyote vilirudi nyuma, na cheupe kikakaa pale muda wake kikizungumza. Mama akapiga makofi, "Huyu hapa babu wa juzi!" Nami naapa nilikiona kidoti kimoja cheupe kikikohoa.

Ndipo tukaanza kukosea kwa raha. Akaongeza birika la pili pale mlangoni: wazee wakayagawana yote mawili, vijana wakabaki na mikono yao hewani. Akaweka matatu: wazee wakawa wanasalimiana wao kwa wao, ikawa kama baraza la idi. Tulipoteza mabasi mengi sana mchana ule, na hakuna aliyelala njaa. Mwishoni akayatenganisha maji. Mlangoni pa basi akaweka pipa lenye koki kadhaa, vijana wanawe na kwenda. Wazee waingie moja kwa moja, wakae, na birika liwafuate mezani pamoja na beseni na taulo, kama wanavyonawishwa majumbani kwao. Pale mezani mzee azungumze na binti mpaka wafike kwa mababu wa Kilwa Kisiwani, nyuma yake hakuna anayesubiri. Basi likaja ndani ya kompyuta, likaja tena, likaja limejaa wazee watupu kama linakwenda kwenye kikao cha pensheni, na kila mara vidoti vyote vikarudi garini.

Siku ya msimamizi mama alijifunga kanga mara mbili juu ya gauni, kama anayekwenda kujifungua. Nilikuwepo. Basi lilisimama, vijana wakavamia pipa, wazee wakaketi, birika likaanza kuzunguka, na msimamizi akasimama katikati akitazama saa yake. Nilisikia vijiko vya supu vikigonga, nikasikia "marahaba" kila upande, na sikusikia mtu anayegombana. Honi ikalia. Hakuna aliyekimbia. Konda, aliyekuwa ndani akiipiga, akaipiga tena, akahesabu watu, akashuka uso umemshuka. Anakosekana mtu mmoja. Moyo wa mama naamini ulisimama, wangu ulishahamia Lindi. Tukatafutana, na kule pembeni kabisa, nyuma ya jiko, tukamkuta dereva na bakuli la pili la supu ya pweza. "Nakuja, nakuja! Mnanipigiaje honi yangu mwenyewe?" Msimamizi akacheka mpaka akashika meza. Akamwambia mama, "Tutaonana kesho," akapanda. Mama akakaa juu ya dumu la mafuta, akasema Alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka, na ukuta wa nyuma uko pale pale hadi leo, haujaguswa hata tofali.

Nimekuwa nikimfikiria jamaa yangu kila ninapokuta dirisha jipya la huduma lenye mashine ya kutoa namba. Siku hizi kila kitu kinapangwa na kompyuta, na kikikwama utasikia afisa anasema watu wetu hawajui foleni. Nataka kumuuliza, foleni ya nani? Wanaijua sana foleni, ila ya kwao ina wazee, ina wajawazito, ina mtu aliyefiwa anayepitishwa mbele bila kuulizwa. Ukijenga huduma ukawasahau hao, kosa usilipeleke kwa bibi mwenye bakora. Peleka kwenye kompyuta yako, ukosee humo mara elfu, halafu uje na kitu ambacho mtu anaweza kukitumia bila kuacha adabu yake mlangoni. Marehemu aliijua hesabu, lakini kilichomfaa siku ile ni kwamba alipokosea aliwatazama watu tena, na safari ya pili akawaona.

Tulimzika Miteja baada ya swala ya alasiri. Umati ulikuwa mkubwa, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na hofu juu ya mjane wa marehemu na chakula cha watu wote wale. Kumbe mama wa Nangurukuru alikuwa amefika kabla yetu na masufuria yake, na pipa lenye koki limesimama kwenye kona ya ua. Nikashusha pumzi ya pili. Nikaenda kwenye pipa nikajipanga nyuma ya vijana, mikono mbele, kama nilivyozoea. Kijana mmoja mwenye kofia ya kimjini akageuka, akainama kidogo. "Shikamoo mzee. Sio huku. Nyinyi mkae mkekani, maji yanawafuata." Nikatazama nyuma kuona anamwambia mzee gani. Hapakuwa na mtu.

Basi nikakaa mkekani. Msichana nisiyemjua akapiga magoti na birika na beseni, akanisalimu, akaanza kumimina.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Wewe wa hapa hapa?"

"Wa Nangurukuru, babu. Lakini mama yangu katokea Kinjumbi."

"Kinjumbi! Kwa akina nani?"

Akaliinamisha birika pembeni, akaanza kunieleza tangu mwanzo. Nilisikiliza kwa raha zangu, na nyuma yangu hakuna aliyekuwa akisubiri.