Mirungi kwa Majina Yake Yote

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa wakalimani alifungua mlango wa ofisi yake akasema, "Sisi, ingia." Nikageuka nyuma kuwatafuta wenzangu. Hapakuwa na mtu. Kwa watu wa hapa Johannesburg "sisi" ni dada, na aliyeitwa nilikuwa mimi peke yangu. Mzee yule wa Kizulu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipa sheria za kazi.

"Mahakamani huna 'nadhani'," aliniambia. "Mshtakiwa akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Akitukana, tukana. Akinyamaza, nyamaza. Na usimsaidie mtu, hata akiwa mama yako."

Mume wangu ni Mxhosa. Tulioana Morogoro alipokuwa uhamishoni, na ubaguzi wa rangi ulipokwisha kwao akarudi, nami nikamfuata. Kiswahili, ambacho niliamini hakitanifaa kitu huku, ndicho kilichonipa kazi. Mtaa wa Berea ulikuwa umejaa Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi, na baadhi yao, kwa haki au kwa kuonewa, walifikishwa kizimbani. Tulifanya ukalimani wa namna mbili. Ule wa mfuatano ni pale shahidi anaposema, akatua, nawe ukatafsiri. Wa kunong'ona ni pale unapoketi karibu na mshtakiwa na kumpa sikioni yote yanayosemwa, ukisikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Huo unachosha. Jioni nilikuwa nafika nyumbani sitaki hata kuulizwa kama nitakula.

Mirungi nilikutana nayo mwaka wangu wa pili. Hati ya mashtaka iliandikwa "khat", na mshtakiwa alikuwa Mkenya. Nikamnong'oneza "mirungi", kama tusemavyo kwetu.

"Mirungi ni nini, mama?" akaniuliza. "Mimi nilishikwa na miraa."

Ilibidi nisimame niiombe mahakama dakika moja tuelewane kuhusu neno. Kwao Meru, alisema, mmea huo unalimwa mashambani na kuuzwa sokoni mchana kweupe. Kwetu Tanzania ni marufuku, na huku pia ni marufuku. Baada yake alikuja Msomali aliyeuita jaad, kisha Mwethiopia aliyeuita chat. Wote walikuwa wanazungumzia vitawi vilevile laini, unavyotafuna na kuvituliza shavuni, usingizi ukakimbia na maneno yakaja yenyewe.

Hilo neno la kwenye hati halikunipa raha. Jumamosi moja nikaenda mtaa wa Fordsburg, kwa mzee wa Kiyemeni aliyekuwa na duka la udi na manukato, nikamwomba anitamkie neno la Kiarabu lenyewe.

"Si 'kat' kama wanavyosema polisi," alisema, akajishika koo. "Qaat. Sauti inatoka huku chini."

Akanitaka nilirudie mara sita, wateja wakicheka. Akanieleza jinsi wanaume wa kwao wanavyoketi alasiri nzima wakitafuna, wakipanga ndoa na kusuluhisha ugomvi. Niliandika yote kwenye daftari. Mkuu alinikuta nikilisoma wakati wa chai.

"Eish, sisi, unataka kufungua duka?"

"Nataka kujua ninachokitaja, baba."

Akaguna, akaenda zake.

Baadaye nilihamishiwa mahakama ya kanda, ambako mashtaka ni mazito na vifungo ni virefu. Huko ndiko nilikomkuta fundi cherehani mmoja kutoka Bukavu, Kongo, mama wa watoto wawili. Alishtakiwa kufanya biashara ya khat. Alikuwa amekaa rumande kwa miezi, watoto wakiwa kwa jirani, na alijua kwamba akifungwa, hata karatasi zake za ukimbizi zitakuwa mashakani.

Sajini aliyemkamata alitoa ushahidi. Aliingia chumbani kwa mama yule, Berea, akakuta mfuko wa vitenge, na chini ya vitenge kifurushi cha majani. Alipouonyesha ule mfuko na kuuliza ni nini, mama alikiri mwenyewe kwamba ni khat, kilo moja.

Nilimnong'oneza maneno hayo. Akanitazama kama niliyemtungia. "Mama, mimi sijui hata hiyo khat ni nini."

"Utamwambia wakili wako," nilimjibu. Ndivyo sheria ilivyotaka, na iliniuma.

Hakimu, mwanamke mpole wa sauti, alikuwa akisoma cheti cha maabara. Akauliza, "Sajini, majani haya hayafiki hata robo kilo. Kwa nini aseme kilo?"

"Ndivyo alivyosema, Mheshimiwa. Alisema kwa lugha ya kwao, lakini maneno mawili, 'kat' na 'kilo', niliyasikia vizuri."

"Yarudie ulivyoyasikia."

Sajini akajikuna kidevu. "Kitu kama... 'likata kiloko'. Alisema mara mbili."

Maneno yale niliyaelewa papo hapo. Hakimu aliandika, mwendesha mashtaka akafungua ukurasa mwingine, na wakili, kijana asiyejua neno la Kiswahili, akabaki ameketi. Katika chumba kile tulikuwa wawili tu tulioelewa Kiswahili, mimi na mshtakiwa. Nikisema nilichokifikiri, nimekuwa shahidi, na kazi sina. Nikinyamaza, maneno yale yanampeleka mtu jela.

Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, shahidi ametamka maneno yasiyo ya Kiingereza, nayo yameingia kwenye kumbukumbu bila tafsiri. Naomba mahakama inielekeze kama niyatafsiri."

Mwendesha mashtaka aliruka. "Napinga! Mkalimani si shahidi."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Yametamkwa na shahidi wako mwenyewe. Mimi nataka kujua. Tafsiri."

"'Kiloko' kwa watu wa Bukavu ni kidogo. 'Nilikata kiloko' maana yake nilikata kidogo."

"Na khat iko wapi hapo?"

"Haimo, Mheshimiwa. Hicho ni kitenzi. Kukata, kwa kisu au kwa mkasi."

Nilipomnong'oneza mama yule yaliyokuwa yakiendelea, alisimama mwenyewe. "Ndiyo! Kitambaa ya kliya! Nilikata kiloko tu, ingine ingali nzima!" Nami nikatafsiri: kitambaa cha mteja, nilikata kidogo tu, kilichobaki bado kizima.

Aliamini askari anamuuliza habari za vitenge.

Hakimu aliukataa ule ukiri. Kilichobaki ni kifurushi ndani ya mfuko wa mteja, na mteja mwenyewe polisi hawakuwahi kumtafuta. Wiki iliyofuata mama yule aliachiwa huru. Lakini chumba alikuwa ameshakipoteza, na cherehani haikuonekana tena. Nje ya mahakama alinishika mikono miwili.

"Aksanti, mama."

"Sikukusaidia. Nilitafsiri tu."

"Ndiyo," alisema. "Ni hiyo tu yenye nilikuwa nimekosa."

Mkuu aliniita siku hiyohiyo. Habari zilikuwa zimemfikia. "Nasikia ulinyoosha mkono. Ulisema 'nadhani'?"

"Hapana, baba."

"Basi kanywe chai."

Nyinyi wakalimani mnaoingia kazini leo mna mafunzo na vyeti ambavyo sisi hatukuwa navyo. Najiuliza tu ni wangapi waliofungwa kabla yangu na baada yangu kwa neno moja lililosikika vibaya, na kama baadhi yao niliwanong'oneza mimi mwenyewe nisigundue. Kazi nimeistaafu, lakini swali hilo bado ninalo.

Mwaka jana tulikwenda kwa ndugu wa mume wangu, milimani Eastern Cape. Shangazi yake alinitembeza kwenye kijito, akasimama kwenye mti wenye majani ya kung'aa. Wazee wao, alisema, waliutafuna wakiwa na safari ndefu. Akautaja kwa jina la Kixhosa lenye mlio wa kugonga ulimi ambao mimi hadi leo siuwezi. Niliyakagua majani, kingo zake zenye meno madogo, nikayatambua. Yalikuwa yale yale niliyoyaona yamefungwa kwenye mifuko ya vielelezo, na hapa yalikuwa yakiota yenyewe.

"Kwenu mnauitaje?" akaniuliza.

Nikamtajia yote: mirungi, miraa, jaad, chat, na qaat kutoka chini ya koo.

"Na ladha yake kwenu ni kama ya huku?"

Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuyaonja. Nikachuma jani changa, nikalitia mdomoni. Lilikuwa chungu, likanikausha ulimi.