Gari la Kaka la Viti Viwili

Kwa miaka thelathini na mmoja Sista alikuwa mkunga, na kila aliyepita mikononi mwake alimkumbuka kwa jambo moja: ukiingia wodini unapiga mayowe, yeye hababaiki. Anakusogelea, anakushika mkono, anasema, "Haya mama, tufanye kazi." Jina la Sista lilimfuata kutoka hospitali mpaka sokoni, hata waliomzidi umri wakamwita hivyo hivyo.

Alipostaafu alijiahidi kulala mpaka jua limtoe kitandani. Hakufaidi hata wiki mbili. Kaka yake mkubwa, mpima ardhi aliyefiwa na mkewe siku nyingi, alianguka bafuni kwa kiharusi. Alipozinduka, upande wote wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalikuwa yamemkimbia, likabaki moja tu: "Bado."

Umekula? Bado. Umeshiba? Bado. Hujambo? Bado.

Sista akafunga virago, akahamia kwa kaka yake.

Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na banda, na ndani ya banda, chini ya turubai, gari. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la kijani kibichi, pua ndefu, viti viwili tu, paa la kitambaa, na limeinama chini hivi kwamba kuliingia ni kama kujitumbukiza kwenye beseni. Kaka alilinunua akiwa kijana na hakuna fundi aliyewahi kugusa boneti yake. Alilifungua mwenyewe, akalifunga mwenyewe. Siku moja zamani, Sista akiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, alinyoosha mkono kuchukua spana amsaidie. Kaka akamwondoa, huku akicheka: "Dada, hiyo mikono ni ya wodini. Hapa utapakaa grisi bure." Kaka alisahau papo hapo. Sista hakusahau.

Binti wa kaka, aliyekuja kila mwisho wa wiki, hakuona haja ya kulihifadhi. "Shangazi, panya wamelifanya wodi ya wazazi," alisema jikoni. "Waje watu wa vyuma chakavu walivute."

Baba yake alikuwa sebuleni, mlango wazi. Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. "Bado! Bado!"

Safari hii neno lilikuwa limeangukia mahali pake.

Sista aliita kwanza fundi wa mtaani, ambaye watu walimpachika jina la Mzee wa Gasketi, kwa sababu hata ukimpelekea gari lenye pancha, atakwambia ni gasketi. Akaja, akazunguka turubai mara moja bila kulifunua, akatikisa kichwa. "Gasketi hiyo. Leteni gereji." Mgonjwa akamtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Fundi akaaga.

"Basi tutatengeneza wenyewe," Sista akasema. Akasukuma kiti cha magurudumu cha kaka mpaka mlangoni mwa banda, akafunua turubai.

Kweli panya walikuwa wamezaa, tena ndani ya chujio la hewa. Akawaondoa bila kelele. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilinuka kama rangi iliyooza, akaimwaga yote. Kabureta akaifungua juu ya meza ya zamani ya kupigia pasi, akapanga vipande kwa utaratibu kama vifaa vya upasuaji, akasugua vitundu kwa mswaki na kuvizibua kwa sindano ya bomba aliyobaki nayo tangu kazini. Kitabu cha gari kilikuwepo, kimejaa alama za vidole vya kaka na mwandiko wake pembeni. Alipokwama alimwonyesha ukurasa, naye akaelekeza kwa kidole cha kushoto.

Breki zilichukua wiki mbili. Mipira ya ndani ilikuwa imekauka ikawa kama maganda. Alipoibadilisha ilibidi kutoa hewa kwenye mabomba, kazi ya watu wawili, akampandisha binti wa kaka kwenye kiti cha dereva, yeye akalala chini na spana kando ya gurudumu.

"Haya, sukuma! Sukuma mama, usiachie! Vizuri. Sasa pumzika, vuta pumzi."

"Shangazi," sauti ikatoka juu, "ni breki hii. Sizai."

Kaka alitikisika mabega. Alikuwa anacheka.

Kosa lenyewe likaja mwishoni. Sista alichomoa nyaya zote nne za plagi kwa mpigo ili asafishe ile kofia inayozigawia moto, wala hakuziwekea alama. Hakuhofu, kwa kuwa kitabu kilitaja mpangilio: moja, tatu, nne, mbili. Akazirudisha hivyo hivyo, akizunguka kama mshale wa saa unavyokwenda. Akaketi, akawasha.

Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikapiga mshindo kwenye bomba la moshi hata binti wa kaka akadondosha tochi. Kaka akainua kidole, akachora duara hewani.

"Nizungushe tena? Haya." Mshindo mwingine. Kaka akachora tena duara, kwa nguvu zaidi. Sista akawasha tena, na tena, mpaka betri ikaanza kunung'unika na ikakata kauli. Kaka akajipiga paja. Machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka.

"Unasema nizungushe, nazungusha! Unataka nini, Kaka?" Akatoka garini, akakaa juu ya sanduku la vifaa, jasho linamtiririka. Ndipo lile la miaka mingi likamponyoka. "Najua. Ni hii mikono ya wodini."

Kaka alimkodolea macho. Ilionekana anatafuta mbali sana, na kwamba amepata. Akatikisa kichwa polepole, hapana, hapana, akamwashiria asogee. Akamshika kiganja, kikiwa cheusi kwa grisi, akakilaza wazi juu ya goti lake kama anayefungua ramani. Akaweka kidole chini ya kidole gumba cha dada yake, kisha akachora duara, taratibu kabisa. Likaenda upande wa pili.

Sista akatazama. "Kinyume? Nyaya zinakwenda kinyume cha saa?"

Kaka akashusha pumzi ndefu, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Hakukiachia kile kiganja. Binti wa kaka akajifanya anatafuta tochi.

Betri ikachajiwa mpaka kesho yake asubuhi. Sista alibadilisha nafasi za nyaya mbili tu. Safari hii injini haikukohoa. Iliguna mara moja, ikashika, ikanguruma kwa sauti nzito iliyotetemesha bati la banda, na kaka akacheka kicheko kizima kizima, kile cha zamani, kwa kuwa kucheka hakuombi maneno.

Wakamwingiza kwa shida, miguu kwanza, kisha kichwa, akilalamika kwa macho. Gari lile lilitoka ng'ambo, usukani uko kushoto, hivyo abiria alikaa kulia. Sista alipokanyaga klachi na kutafuta gia, mkono wake ukakuta mkono mwingine umeshatangulia. Ulikuwa mkono wa kushoto wa kaka, ule mzima. Akamwachia.

Wakaenda hivyo barabarani, yeye kwenye klachi na usukani, kaka kwenye gia. Kwenye mwinuko wa kwanza wakagombana: Sista alitaka ya pili, kaka akashikilia ya tatu, gari likazimika katikati ya njia. Magari nyuma yakapiga honi. Wapita njia wakasukuma, na kaka akawapungia mkono kama mgombea aliyeshinda kura.

Miezi ilivyokwenda maneno mengine yakarudi, machache: chai, mlango, jina la binti yake. Upande wa kulia haukurudi. Kila Jumamosi asubuhi walitoka, mpaka siku moja binti wa kaka akasimama kando ya gari akizungusha mkoba mkononi.

"Shangazi, klachi ya kitu hiki ni ngumu sana?"

Sista akamkabidhi ufunguo. Kwa kuwa viti vilikuwa viwili, yeye akabaki langoni, mikono kiunoni, akiwasikiliza wakikwaruza gia ya kwanza, wakipata ya pili.