Siku Kwaya ya Redio Ilipoleta Waombolezaji

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, hakuna mwanamke wa mtaani aliyevuka kizingiti changu. Walinisalimu wakiwa barabarani, wakaenda zao. Nilikuwa binti wa misheni kutoka Swima, nimeolewa katika nyumba ya Waislamu, na mgeni ni mgeni hata akisilimu. Mume wangu mfanyabiashara akipanda boti kwenda Usumbura, mimi na redio yake ya betri tulibaki tukitazamana. Upweke ule ulinichoma, sitaki kusema uongo.

Alasiri moja nilipata stesheni ya ng'ambo ya ziwa, kwa Waingereza. Mtangazaji alisema kwa Kiswahili kwamba kwaya ya kwao itaimba nyimbo za mtunzi ambaye bado yu hai. Nilishangaa. Kule misheni nilidhani watunzi wote wa nyimbo za kanisa walikwisha kuzikwa zamani.

Hapakuwa na kinanda. Wanawake walianza peke yao, polepole, wanaume wakaingia chini yao, kisha sauti zikagongana vibaya mno. Mwalimu wetu wa kwaya angepiga meza kutusimamisha. Hawa hawakujali, waligongana hivyo hivyo mpaka utamu ukatokea. Nikafungulia redio mpaka mwisho, nikaitafuta sauti ya pili, ile niliyokuwa nikiimba kule misheni, nikaifuata bila maneno, kwa nguvu zote. Machozi yalinitoka.

Nilipogeuka, ua ulikuwa umejaa wanawake wa jirani. Walikuwa wamejifunga vitenge kiunoni, mmoja na mtungi wa maji, mwingine na mzigo wa kuni, kama wanavyokwenda msibani. Mkubwa wao alinikumbatia.

"Pole, mutoto wangu. Tulisikia kilio. Ni bwana yako amekufa mu ziwa?"

"Hapana, mama. Ni redio. Ni Bazungu banaimba."

"Banaimba? Bila ngoma? Basi bale Bazungu biko na huzuni!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka. Niliwaambia wakae, chai iko tayari, ingawa hata moto sikuwa nimewasha. Wakasema watakuja siku nyingine, wakabeba maji yao na kuni zao.

Yule mkubwa aligeuka mlangoni. "Kweli hakuna muntu amekufa?"

"Hakuna, mama," nikasema, na moyo ukaniuma. Angekuwapo maiti, wote wangelala kwangu mpaka matanga yaishe.