Pazia Mbele ya Mlango wa Mama

Nina kiburi cha kazi, na sikifichi. Hapa Migori mjini ukitaka pazia la kupigia picha, lile la vitambaa, maua ya plastiki na maputo, utaelekezwa kwangu. Vitambaa navifuata mwenyewe mpakani Isebania, na muuzaji akinipa kinachochuja namrudishia na maneno juu. Nikisema pazia langu ni zuri, ni zuri. Lakini nikikumbuka ile ayie ya Ndhiwa, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ayie, kwetu sisi Waluo, ni siku ya mama. Upande wa bwana harusi unakuja kumwomba mama ya msichana akubali, na unamwomba ndani ya nyumba yake, si kwenye hema wala uwanjani. Haya nayajua tangu utotoni. Hebu niambie, siku hiyo niliyaweka wapi?

Aliyeniita ni kaka ya msichana. Anafanya kazi Nairobi, kwa hiyo tulipanga yote kwa simu. "Siste, nyumba ya mathe ni ya udongo," akaniambia. "Sitaki ionekane kwa picha. Weka pazia kubwa pale mbele, lifunike yote."

"Usijali," nikamjibu, "hata wewe mwenyewe hutaijua." Tukacheka, mimi na yeye.

Nilifika asubuhi nikamkuta mama amechutama ukutani na kopo la udongo. Alikuwa ameikandika nyumba upya kwa ajili ya wakwe, kisha akaichora kwa udongo mweupe na mwekundu: mistari inayopishana kuzunguka dirisha, na kando ya mlango alama za vidole vyake, zimevutwa polepole kutoka juu hadi chini. "Oyawore, nyathina," akanisalimia. "Karibu, mwanangu." Nami niliangalia nini? Niliangalia kama ukuta umekauka, usije ukachafua kitambaa changu cheupe.

"Mama, vyuma vyangu vya kushikilia pazia nitavisimamisha hapo," nikamwambia.

"Mbele ya mlango?"

"Ndivyo kijana wako alivyosema."

"Basi kama amesema," akajibu, akachukua kopo lake akaenda kunawa. Angebishana nami, pengine akili ingenirudia.

Vyuma vilikataa kusimama wima, nikavisukuma hadi vikaegemea ukuta. Nilisikia vinakwaruza. Potelea mbali, nikasema moyoni, si kutafunikwa? Kufikia saa sita nyumba ilikuwa haionekani kabisa. Vijana wa jirani walikuwa wanajipiga picha pale, na mimi kichwa kimevimba kwa sifa.

Wageni wakaingia kwa vigelegele. Aliyewaongoza ni shangazi ya bwana harusi, mama mmoja wa Homa Bay mwenye sauti ya sokoni. Walipofika kwenye pazia wakasimama. Shangazi akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Yawa! Mlango wa mama uko wapi?"

Kaka ya msichana, aliyekuwa amefika kutoka Nairobi, akajitia kucheka. "Karibuni kwa hema, shangazi. Kuna viti, kuna soda."

"Sisi tumekuja kwa mama. Hatukuja kwa hema."

Mtu akasema kuna mlango wa nyuma. Wuololo, afadhali angenyamaza! Wazee wao wakaguna. Mkwe hapitishwi nyuma kama mwizi wa kuku; akiambiwa apite huko, anajua amekataliwa. Mzee mmoja akavaa kofia, akageuka kuelekea langoni, na wengine wakaanza kumfuata. Msichana alikuwa amesimama na gauni lake jipya, anawatazama migongo. Ndoa yake ilikuwa inaondoka kwa miguu, na kilichoifukuza ni kitambaa changu.

Sikungoja kuambiwa. Nilinyakua kisu cha jikoni, nikakata kamba, nikavuta kila kitu chini. Maputo yakapasuka mbele ya wakwe, maua yakanianguka kichwani, na jasho likaniharibu uso wote mbele ya watu. Wazee wakasimama. Mlango ukaonekana.

Ukuta nao ukaonekana. Upande mmoja michoro ilikuwa imekaa vile vile alivyoiacha. Upande mwingine vyuma vyangu vilikuwa vimeichana, na karibu na mlango udongo ulikuwa umebanduka hadi fito zikatokeza. Mama alitoka ndani, akapatazama, halafu akanitazama mimi. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepata kupumua.

Shangazi alikuwa amekwisha kusogea, anapitisha mkono kwenye mistari ya dirisha. "Jameni, hii kazi ni ya nani? Nani amechora?"

Mama akanishika mkono. "Tulichora na huyu binti yangu," akasema. "Yeye ndiye fundi wa mapambo."

"Na hapa palipobanduka pamefanyaje?"

"Hapo ni mimi," mama akasema. "Mikono yangu siku hizi inatetemeka."

Mikono yake haikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimeshikwa nayo, najua. Ulimi ulikuwa wangu, na nafasi ya kusema ukweli nilipewa, maana shangazi alinigeukia akinitazama usoni huku akitikisa kichwa kwa kunisifu. Wakwe wakanipigia makofi, nami, Mungu anisamehe, nikayapokea.