Kapu Lililosukwa kwa Ndani

Verediana wa Kibimba alikuwa na kidole kibovu ambacho kilikuwa kizima kabisa. Tangu Thobias amuoe, kila wanawake walipokaa kusuka vikapu yeye alifunga kitambaa kwenye kidole gumba, akalalamika kinamuuma. Wakamcheka, wakamwita mvivu. Mvivu! Mwanamke aliyelima maharage na mtoto mgongoni! Mama mkwe wake tu, Kalista, ndiye hakucheka. Yeye mwenyewe aliacha kusuka zamani, akisema macho hayaoni.

Ukweli ni kwamba Verediana alizaliwa ng'ambo ya mto, Burundi, jambo alilolificha kijijini. Lugha haikumpa shida, maana Kirundi na Kihangaza cha Kibimba vinaelewana. Mikono ndiyo iliyokuwa mikaidi. Mama yake alimfundisha kuvuta nyasi kuelekea kifuani, na wanawake wa Kibimba huzisukuma mbele kwa kidole gumba. Alijaribu kwa siri kuzisukuma kama wao mpaka akachoka. Na mwaka ule wa misako haukuwa wa mchezo. Malori yalipita vijijini yakizoa kila aliyetoka ng'ambo, awe amekuja jana au ameshazaa hapa, na kumpeleka kambini. Verediana alikuwa na watoto wawili, Elick na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. Aliishi roho mkononi.

Ndipo Mwalimu Jovitha, mchongaji kutoka Bukoba, akaja kufanya maonyesho katika ukumbi wa parokia. Wenzake huleta vinyago ukaambiwa usiguse. Yeye alisimika fito kwa duara, akasema watazamaji wenyewe ndio watakaolisuka kapu hilo mpaka limpite mtu kimo, wawili wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wakipokezana nyasi. Wazo zuri, nani abishe? Ila Frednand, mwenyekiti wa kitongoji, yule yule aliyewaongoza wenye malori mlango kwa mlango, akatangaza kila kaya itoe msukaji. Mwaka ule, kukataa kulikuwa sawa na kujitaja.

Jumapili baada ya misa Verediana akampa Thobias mtoto, akapanda ngazi, akateremka ndani ya kapu. Kuta zilikuwa zimefika mabegani. Ngazi ikaondolewa. Akatazama nje kupitia fito, na aliyekuja kupokea nyasi alikuwa Frednand mwenyewe.

Alianza kwa kusukuma, polepole, jasho likimtoka. Jovitha akamsifu. Watu wakaimba wakipiga makofi, ukuta ukapanda, na Verediana akaanza kuamini kwamba atatoka salama. Mara, jamani, mtoto akalia ukumbini. Akageuza shingo kumtafuta, moyo wote ukaenda kule, na mikono ikaachwa peke yake. Aliporudisha macho, mstari mzima ulikuwa umevutwa kifuani, mzuri, umebana, wa mama yake mtupu.

Frednand akaacha kupokea.

"Mama Elick, kusuka huku umefundishwa wapi?"

Aliogopa kuliko siku aliyovuka mto. Akatafuta ngazi kwa macho, ilikuwa imelazwa chini miguuni mwa mwenyekiti.

"Nimemfundisha mimi," Kalista akasema, akijitokeza kati ya waimbaji.

Bibi yule akamsukuma mwenyekiti kando kwa kiwiko, akazishika nyasi ili kumwonyesha. Verediana alidhani anaiga tu ili amwokoe. Lakini vidole vile vya kizee vilivuta kuelekea kifuani bila kutafuta njia, haraka kuliko vya Verediana mwenyewe. Huo si ufundi wa kuiga. Miaka yote wamekula chungu kimoja, kila mmoja akimficha mwenziwe kitu kile kile!

Nyimbo zilikuwa zimekoma. Kalista naye akaona kilichofanywa na mikono yake, akaziachia nyasi.

"Kumbe mko wawili," Frednand akasema.

Kalista akapenyeza mkono kati ya fito, akamshika Verediana. Mtoto alikuwa bado analia. Frednand akainama, akaiokota ngazi, akatoka nayo nje kuelekea barabarani, malori yanakopita.