Mjapani wa Nyumba Yetu

Juzi nimejilaza kwenye kochi, kazi ninayoiweza kuliko zote, redio ikamtaja kiungo mmoja wa Brazil, mjukuu wa Wajapani, kwamba amestaafu soka. Nikaizima. Ningekuwa mtu wa kulia, rafiki yangu, ningelia.

Wewe hukukulia kwetu Tarime, acha nikwambie. Baba alikuwa na wake wawili, na kaka yangu wa mama mdogo alicheza kama yule Mbrazili tuliyemtazama kwenye banda la video: mpira hautoki mguuni, kichwa kinageukageuka kama cha kuku. Mwenye banda alitusimulia kwamba babu zake walivuka bahari kwenda kulima kahawa Brazil. Kwao akaitwa Mjapani; alipokwenda kucheza Japani, akaitwa Mbrazili. Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Mama yake alitoka ukoo wa jirani, ule tuliokuwa tukigombana nao kila ng'ombe wakipotea. Kwetu alikuwa mtoto wa kule, kwa wajomba mtoto wa huku. Tangu siku ile tukamwita Mjapani.

Mwaka huo mwalimu wa michezo alimpatia nafasi ya majaribio Musoma, Jumamosi. Ijumaa mchana tunageuza kahawa kwenye kichanja, ile harufu yake tamu iliyochacha imetujaa puani, yowe likapigwa bondeni. Ng'ombe wamechukuliwa. Kwetu yowe likilia, kila mwanamume anashika upinde. Anayebaki anahesabiwa pamoja na wanawake.

Kaka hakuondoka. "Mimi kesho nina safari," alisema, akaendelea kugeuza kahawa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, shujaa kabisa, nimeshajipenyeza chini ya kichanja. Kutoka huko chini nikamtania, maana nyumba yetu iliishi kwa utani: "We Mjapani, unaogopa kuwapiga wajomba zako?"

Alinitazama. Akaingia ndani, akatoka na upinde wa baba.

Jioni walimrudisha wamembeba, mshale umevunjikia gotini. Mama mdogo aliuosha mguu kwa maji ya chumvi, hakuuliza mshale ni wa nani. Bibi akasema tu, "Yowe halichagui mtoto." Kesho yake mwalimu alikuja asubuhi na jezi mkononi, akaona lile goti, akaikunja jezi na kuondoka bila kunywa uji.

Siku hizi wazee wamepatana, koo zinauziana ndizi. Uwanja umelimwa mihogo. Kaka anashona viatu pale senta, na mteja akimuuliza habari ya mguu hujibu, "Yowe lilipigwa, nikaenda kama wengine." Hata nikiwa nimesimama pale, haongezi neno. Mimi huniuliza hali ya watoto, huniagizia chai, hunipangusia benchi kama mgeni. Tumbo hili nililolifuga lingemtosha kwa utani wa mwaka mzima. Hajawahi kulitaja.