Miti ya Bibi Kando ya Wadi

Wiki iliyopita nilikuwa na shughuli zangu Al Khoudh, nikaegesha gari penye bustani ya kando ya wadi ili ninyooshe miguu. Unapajua pale: njia ya matofali, mabenchi, watoto na baiskeli zao. Katikati ya majani imesimama mitende sita iliyozungushiwa ukuta mdogo wa mawe. Nilipoiona nilirudi garini nikalia mpaka macho yakavimba, mtu mzima mimi, na watoto wangu nyumbani wananisubiri tule.

Tulipokuwa wadogo, miaka ya tisini, hapakuwa na benchi pale. Kulikuwa na wadi tu, huo mto wetu unaokaa mkavu mpaka mvua inyeshe milimani, na ukingo wake ulikuwa ardhi ya wizara. Mlinzi wa wizara, mzee mpole, alimruhusu bibi yangu alime kipande. Alimruhusu kwa mdomo tu, huku akitafuna mandazi aliyopelekewa na bibi mwenyewe. Bibi alikuwa amekuja kutoka Unguja na watoto wanne na sanduku moja, na nadhani siku ile ya mandazi ndiyo aliyofika Oman hasa.

Akapanda mihogo, migomba, mipapai, midimu mitatu, na mstafeli mmoja aliokuwa akiusemesha kama mtu. Kila alasiri, tukishavua nguo za skuli, sisi wajukuu tulibeba madumu ya maji kutoka kisima cha jirani, mwenyeji wa Khoudh tangu mababu, ambaye mitende yake sita ilipakana na migomba yetu. Mikono ilituuma na tulinung'unika njia nzima. Lakini Ijumaa asubuhi kinu kililia uani, bibi akitwanga kisamvu, na harufu ya majani mabichi ikapanda mpaka vyumba vya juu. Stafeli likiiva aligawa kwa kijiko, kila mtu kijiko kimoja, na mbegu tulizitema kiganjani mwake. Hakuna iliyotupwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja ikaja habari kwamba ukingo wote umetoka wizarani na kukabidhiwa baladia, yaani ofisi ya mji, na baladia itatengeneza bustani ya watu wote. Kila aliyelima pale aende akaeleze alichonacho. Bibi alikaa siku mbili hali kitu. Kiarabu chake kilikuwa cha Kurani na cha kuamkiana tu, na wanawe wote walikuwa makazini. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiarabu, na nilijivuna kwa hilo kupita kiasi, kwa hiyo akanichukua mimi.

Ofisi ilikuwa baridi na imejaa watu. Miongoni mwa waliokaa wakingoja nilimwona mwalimu wangu wa Kiarabu, yule aliyekuwa akitukemea tukizungumza Kiswahili uwanjani, akikiita lugha ya jikoni. Nikatamani sakafu inimeze. Zamu yetu ilipofika, bwana wa baladia, kijana mwenye adabu, akaniambia nimuulize bibi kama ardhi ile ni yake.

Bibi akasogea mbele. "Mwambie ardhi si yangu, ya serikali, nnalijua hilo. Lakini miti yangu. Miye ndiye niloipanda, kila mmoja nnaujua. Wao wachukue ardhi yao, miti yangu waniachie. Mwambie yote, mwanangu, usimkatie."

Hakuwa akibahatisha. Kwao Unguja mtu huweza kuwa na minazi yake katika ardhi ya mwenzake. Watu huuziana miti na kurithishana miti, na ardhi ikabaki ya mwenyewe. Mimi sikuyajua hayo. Niliona ni upuuzi: mti uwe wako, na udongo unaoushika usiwe wako? Na alikuwa akisema kwa sauti, kwa Kiswahili, watu wote wamegeuka. Mwalimu alitabasamu, au mimi niliona ametabasamu.

Nikasema, "Anasema ardhi si yake."

Yule bwana akaandika mstari mmoja, akashukuru, akaita mwengine.

"Umemwambia ya miti?" bibi akaniuliza.

"Nimemwambia."

Mwengine mwenyewe alikuwa jirani yetu. Bibi alikuwa bado anajitengeneza buibui mlangoni nilipomsikia jirani akisema, kwa Kiarabu, maneno yaleyale ya bibi: ardhi si yangu, mitende nimeipanda mimi na marehemu baba. Hakuna aliyecheka. Yule bwana aliandika muda mrefu.

Kesho yake nilitoka skuli mbio na mkoba mgongoni mpaka baladia. Nilimweleza yule bwana huku nikilia kamasi. Alinisikiliza, maskini, kisha akasema faili limeshapelekwa kwa wakubwa, lakini nikija na bibi mwenyewe leo au kesho atajaribu. Ilibaki nimlete bibi. Na kumleta bibi ni kumwambia nilichofanya. Leo ikapita, na kesho ikapita.

Tingatinga lilipokuja, bibi alikuwa ameinama kwenye mstafeli na jembe, akichimba huku akiuambia usiogope. Tuliubeba kwa kanga mpaka nyumbani, tukauweka uani ndani ya pipa, kwa kuwa kote kulikuwa saruji. Niliumwagilia kabla ya skuli na baada ya skuli, na nikaumwagilia hata maji yangu ya kunywa. Niliuomba. Majani yalidondoka yote, na siku nilipokwaruza gome kwa kucha nikaona ndani kumekauka, nilijua hakuna wa kunisaidia tena.

Jirani aliachiwa mitende yake, na mpaka leo wajukuu zake huja msimu wa tende wakaikwea na kuvuna, watoto wa bustani wakiwaangalia. Kinu cha bibi kipo kwangu, nimekitia maua ya plastiki. Kisamvu nanunua kilichogandishwa, kwenye duka la Khuwair ya Kusini.

Bibi aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Kila akimaliza sala ya alasiri, saa zile tulizokuwa tukibeba madumu, aliinua mikono: "Ya Rabbi, yule bwana nlomwomba miti yangu akaninyima, nnamshtakia kwako." Wajukuu tuliokuwepo ilitubidi tuitikie. Yule bwana, kama yu hai, hajui kwamba aliapizwa miaka yote hiyo kwa kosa langu, na kwamba mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, pembeni ya bibi, nikisema amina.